Sukari Haiumi, Nauli Inauma: Nani Anatibiwa Kisukari Wapi?

Umewahi kujiuliza kwa nini watu wawili wenye ugonjwa ule ule wa sukari wanatibiwa sehemu tofauti kabisa? Mmoja haachi kliniki kila mwezi. Mwingine ananunua vidonge duka la dawa, tena siku akipata hela. Wengi wetu tunahukumu haraka: "Huyu wa pili hajali afya yake." Hebu tuliangalie vizuri.

Mwaka 1968 mtafiti wa Marekani, Ronald Andersen, alieleza kwamba mtu kutumia huduma za afya kunategemea mafungu matatu ya mambo. La kwanza ni yale anayokuwa nayo hata kabla hajaugua: umri, elimu, imani. La pili ni yanayomwezesha: kipato, bima, umbali wa kituo. La tatu ni uhitaji wenyewe, yaani anavyoumwa.

Sasa, kisukari aina ya pili kina tabia moja mbaya: kinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila dalili ya kukushtua. Ukivunjika mguu, utauza hata mbuzi ufike hospitali leo leo. Lakini sukari haiumi. Fungu la tatu likinyamaza, la pili ndilo linaloamua.

Chukua mfano wa Tanzania. Tuseme kuna mwalimu wa serikali anayeishi Morogoro mjini, na mkulima wa kijiji cha mbali mkoani humo humo. Mwalimu anachangia bima ya NHIF kupitia mshahara wake. Anaonyesha kadi, anapimwa, anachukua dawa. Akiomba ruhusa kwenda kliniki, mshahara uko pale pale.

Mkulima ana zahanati karibu, ila kliniki ya sukari iko hospitali ya wilaya. Piga naye hesabu (namba ni za mfano, weka za kwenu): nauli kwenda na kurudi shilingi 10,000, kibarua alichokikosa siku hiyo 7,000. Jumla 17,000, na hapo daktari hajamwona bado. Kisukari si malaria ya kumeza dawa siku tatu ukamaliza. Zidisha mara 12, unapata 204,000 kwa mwaka.

Ndiyo maana anaishia duka la dawa, au kwa mganga wa tiba asili. Huko ni karibu, hakuna foleni, na mganga anaweza kumsikiliza kwa nafasi na kusubiri malipo hadi mavuno. Huo si ujinga, ni hesabu. Na pengine mgonjwa ni mama asiyeshika hela nyumbani: kabla ya nauli, kwanza aiombe.

Tatizo ni kwamba sukari isiyopimwa inaendelea kuharibu mishipa ya damu, macho, figo na neva. Miguu ikifa ganzi, mtu anaweza kukanyaga mwiba asijue. Mwisho wa siku anafika hospitali ile ile aliyoikwepa, safari hii akiwa na kidonda, na gharama ni kubwa mara nyingi zaidi.

Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Ni hatua kubwa, kwa sababu inagusa malipo ya dirishani. Lakini kadi ya bima hailipi nauli, wala hailimi shamba ukiwa kwenye foleni. Ndiyo maana kipimo cha sukari na dawa kupatikana zahanati ni sehemu ya tiba yenyewe: vinafupisha safari, vinapunguza ile 17,000.

Kwa hiyo, siku nyingine ukisikia kwamba fulani "ameacha kliniki", usianze na lawama. Muulize kwanza: nauli ni shilingi ngapi?