Tarakimu 60 na safari ya programu hadi ukutani

Mwaka 2024 mnunuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, awe anaishi kata ya Mwembetogwa kule Makambako au kata ya Ramadhani pale Njombe mjini, alipata ujumbe asiouzoea. Badala ya tarakimu 20, simu ilimletea tarakimu 60, makundi matatu ya 20, na maelekezo ya kuyaingiza kwa mpangilio. TANESCO, shirika la umeme, ilieleza kuwa ni maboresho ya mita na kwamba mwisho wake ni tarehe 24 Novemba 2024. Atakayechelewa, ilisema, mita yake haitapokea tena umeme anaonunua. Maelezo hayo yalitosha kwa kazi ya siku ile. Hayakugusa swali tamu zaidi: kwa nini makundi matatu, na kwa nini tarehe ile? Jibu lake limebeba somo kubwa kuhusu kazi ambayo watu wa kompyuta wanaifanya kila siku na wengine hatuioni, yaani kuitoa programu mezani kwa aliyeiandika na kuifikisha kwa watumiaji bila kuharibu kitu njiani.

Nitayaruka mambo ya wapi msimbo unahifadhiwa, nani anaupitia na kwa zana zipi. Hayo yameelezwa hadi yamechosha. Ninalolitetea hapa ni kwamba ubora wa programu unaamuliwa na njia yake ya kuwafikia watu kwa kiwango kilekile unachoamuliwa na msimbo wenyewe, na kwamba njia hiyo hutengenezwa mwanzoni au haitengenezwi kabisa. Kule programu inakoanza kushika pesa za kweli na watu wa kweli, watengenezaji wetu hukuita prodakisheni, na nyaraka nyingine huandika “mazingira ya uzalishaji”, jina linalompeleka msomaji moja kwa moja kwenye kiwanda cha chai cha Luponde. Mimi nitasema uwandani, kwa sababu ndiko mchezo unakochezwa.

Mkulima wa Njombe anaijua safari hii tayari, kwa kuwa viazi mbegu husafiri vivyo hivyo. Mbegu safi ya kiazi huanzia maabara, mche mdogo ndani ya chupa, ambako hakuna udongo wala mdudu. Kutoka hapo inahamia kwenye banda la neti na kuzaa vijiazi vidogo. Vijiazi vinapelekwa shamba la kuzalishia, vinaongezwa msimu kwa msimu, wakaguzi wa mbegu wa TOSCI wanapita mistarini wakitazama magonjwa, na mwisho ndipo mbegu inafika kwa mkulima wa Uwemba atakayeipanda, avune, ajaze gunia la kupanda lori kupitia Makambako. Kwa nini isitoke chupani ikaenda Uwemba moja kwa moja? Kwa sababu kiazi chenye mnyauko bakteria kinaweza kuonekana kizima kabisa mkononi, na ugonjwa ukajitokeza pale tu udongo, joto na maji vitakapokutana. Kila hatua inakaribia udongo halisi kidogo zaidi, na kila hatua ni nafasi ya kugundua ubovu ukiwa bado kwenye tuta moja na haujafika kwenye ekari mia. Programu nayo huanzia kwenye kompyuta ya mwandishi, ambako kila kitu hukubali, ikaenda kwenye mashine ya majaribio, kisha kwenye nakala ya uwandani yenye data inayofanana na ya kweli, kisha kwa watumiaji wachache, ndipo iende kwa wote. Kuna jambo katika viazi ambalo timu nyingi za programu hulisahau: mbegu inayopita hatua zote ni uzao uleule. Hakuna anayeanza mbegu nyingine kila akihamia shamba jipya, maana ukaguzi wa nyuma ungekuwa wa bure. Timu inayojenga programu upya kwa kila mazingira imejaribu kitu kimoja na kupeleka kingine. Kinachotakiwa kubadilika ni udongo, mbegu ibaki ileile.

Sasa mita. Tarakimu 20 za LUKU zimetengenezwa kwa kanuni ya kimataifa iliyoanzia Afrika Kusini, STS, inayotumiwa na mashirika ya umeme ya nchi nyingi. Ndani yake mna biti 64 zilizopangwa kwa ubahili wa kupendeza: biti 4 zinataja aina ya tokeni, 4 ni namba ya kubahatisha, 24 ni muda wa mauzo, 16 ni kiasi cha umeme na 16 ni za kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Furushi hilo linafungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu, ndiyo maana tokeni ya nyumba moja pale Lyamkena, Makambako, ni takataka kwa mita ya jirani. Zinaongezwa biti 2 za daraja, jumla 66, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 66 ina tarakimu 20. Basi hilo ndilo chimbuko la zile 20 ambazo taifa zima limezoea kuzibonyeza.

Kinachonifurahisha zaidi ni zile biti 24 za muda. Mita ya kawaida ya LUKU haina mtandao. Ile njia kubwa ya kilovolti 220 inayotoka Makambako kwenda Songea hubeba umeme, na waya unaoshuka kutoka nguzoni hadi nyumbani nao huleta umeme tu, hauleti habari. Mita itajuaje, basi, kwamba tokeni uliyoingiza leo haikutumika wiki iliyopita? Inasoma ule muda. Kila tokeni inabeba idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993 hadi ilipouzwa, na mita inakumbuka dakika za tokeni za mwisho ilizozipokea. Ikiona dakika ambazo inazo tayari, inakataa kwa kuwa imetumika. Ikiona za zamani kuliko zote inazozikumbuka, inakataa pia. Hivyo mashine isiyozungumza na mtu yeyote inalinda mapato ya shirika zima kwa orodha fupi ya namba. Lakini biti 24 zinahesabu hadi 16,777,216 tu. Dakika milioni 16 na ushei ni karibu miaka 32, na ukizihesabu kuanzia Januari 1993 zinaishia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na kila tokeni mpya ingeonekana machoni pa mita kuwa imeuzwa zamani sana. Ingekataliwa, na mita ingekuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Dawa ilikuwa kubadilisha ufunguo. Ufunguo mpya unakuja na mwanzo mpya wa hesabu, tarehe 1 Januari 2014, na mita ikiupokea inafuta kumbukumbu za dakika za zamani na kuanza ukurasa mpya. Ndiyo sababu wateja waliambiwa waingize kwanza tokeni zote walizokuwa wamezihifadhi: zilifungwa kwa ufunguo wa zamani, na baada ya mabadiliko hakuna wa kuzifungua. Ila ufunguo una biti 64 na hauenei katika nafasi iliyopo kwenye tokeni moja, kwa sababu tokeni lazima ibebe pia lebo zake na uhakiki wake. Ukakatwa nusu mbili za biti 32. Kundi la kwanza ni nusu moja, kundi la pili ni nusu nyingine, na kundi la tatu ni umeme ulionunua.

Tazama mita inavyofanya ikipokea nusu ya kwanza. Inaiweka pembeni na kungoja. Ufunguo wa zamani unaendelea kutawala, taa zinaendelea kuwaka, uniti zinaendelea kupungua kama kawaida. Nusu ya pili ikifika, ndipo mita inaziunganisha na kuvuka kwa mara moja. Hakuna dakika ambapo imeshika nusu ya zamani na nusu ya mpya. Kisha linakuja kundi la tatu, ambalo limefungwa kwa ufunguo mpya. Uniti zikiongezeka kwenye kioo cha rimoti ya mita, mabadiliko yamejaribiwa palepale ukutani, na mtu asiyejua kwamba anafanya jaribio. Sijaona njia nadhifu zaidi ya kupeleka mabadiliko uwandani.

Unadhifu huo una thamani ya pesa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, ilipeleka programu mpya kwenye seva zake 8. Saba ziliipata, moja ikasahaulika. Soko lilipofunguliwa, ile moja ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala kwa miaka, ikanunua na kuuza bila kikomo, na katika dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Tatizo halikuwa msimbo mpya. Lilikuwa safari iliyoishia katikati bila mtu kujua. Mita ya Lyamkena, yenye kichakataji ambacho Knight Capital wasingekitazama mara mbili, ilikatazwa na wabunifu wake kuishia katikati.

Tofauti ya pili kati ya LUKU na maanguko ya namna hiyo ni mwendo. Katika mwaka huohuo wa 2024, tarehe 19 Julai, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili dogo la masasisho kwa kompyuta za Windows za wateja wake dunia nzima kwa mkupuo. Programu iliyolipokea ilitarajia sehemu 20 za taarifa, ikapewa 21, ikaenda kusoma mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta zikaanguka. Kampuni iliondoa faili hilo baada ya dakika 78, lakini mashine kama milioni 8.5 zilikuwa zimeshaathirika, zikiwemo za viwanja vya ndege na hospitali. Kosa la 20 na 21 lingeweza kumpata mtengenezaji yeyote makini. Kilicholifanya kuwa janga ni kwamba lilitoka chupani likaenda kila shamba asubuhi moja, na baadaye kampuni yenyewe iliahidi kupeleka masasisho ya aina hiyo hatua kwa hatua. LUKU ilienda kwa awamu, na hata ndani ya awamu kila mita ilibadilika siku mwenye nyumba alipoishiwa uniti. Kama makundi yale yangekuwa na kasoro, ingeonekana kwa wanunuzi wa kwanza na mauzo yangesitishwa.

Mtu atasema huu ni ufunguo tu, haukuwa programu. Kweli, msimbo ndani ya mita haukuguswa. Lakini watengenezaji wanajua kwamba mipangilio, funguo na majedwali huangusha mifumo sawa na msimbo, na faili la CrowdStrike nalo lilikuwa la aina hiyo. Kinachopelekwa uwandani kikabadilisha tabia ya mashine kinahitaji njia ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la haki: kazi iliwekwa mabegani mwa mteja. Tarakimu 60 kwenye rimoti yenye vitufe vilivyofutika, kwa bibi ambaye macho yamechoka, si jambo dogo, na waliokosea walilazimika kuanza tena au kuita fundi. Hilo nalikubali bila kulipunguza. Nakataa tu hitimisho kwamba mfumo wa katikati, unaofanya kazi hiyo badala ya mteja, ungekuwa salama zaidi. Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama nchi nzima kwa siku kadhaa, na mita zote zilikuwa nzima. Hitilafu ilikuwa kwenye mfumo mmoja ambao kila mnunuzi lazima aupitie. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliagiza maofisa wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Kumsimamisha mtu kunajibu hasira ya siku hiyo. Hakujibu swali la kwa nini kosa moja liliweza kuwafikia wote.

Wapo pia wanaoamini kwamba tiba ni kupeleka mabadiliko mara chache, mzigo mkubwa kwa mwaka. Tafiti za kundi la DORA, zilizowahoji maelfu ya watu wa kazi hii kwa miaka mingi, zinaonyesha kinyume: timu zinazopeleka mara nyingi, vipande vidogo, ndizo pia zinazoanguka mara chache na kuinuka haraka. Inaeleweka, kwa sababu kipande kidogo kikileta shida unajua pa kuangalia.

Haya yote yanakuwa mazito zaidi mita zenye mtandao zinapoanza kuchukua nafasi ya zile za tarakimu. Zitapokea mabadiliko zenyewe usiku, bila bibi kubonyeza chochote, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini vidole vya wateja vilikuwa vinafanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeilipia: vilitawanya safari kwa miezi na kumpa kila mmoja nafasi ya kuona kwamba mambo hayaendi. Mtandao utaiondoa breki hiyo, kwa hiyo breki lazima iandikwe kwenye mkataba wa mita kabla hazijafungwa: mabadiliko yaanze na mitaa michache, mita ibaki na programu ya zamani hadi mpya ithibitike, na irudi yenyewe kwenye ya zamani ikishindwa. Mita zenye ufunguo ulioanza 2014 zina dakika za kutosha hadi tarehe 24 Novemba 2045, na nyingi kati ya zitakazokuwa ukutani siku hiyo bado hazijanunuliwa.