Ukihama AI ya Kuandika Programu, Usiache Sheria Zako Nyuma

Jumamosi moja usiku, binamu yangu anayeuza viatu mtandaoni alipigiwa simu na mteja. "Dada, mmenikata mara mbili." Kisha akatuma picha ya meseji mbili, kila moja shilingi 1,850. Viatu vilikuwa jozi moja.

Hakuna mwizi hapo. Mteja aliweka PIN kwa simu yake mwenyewe, mara mbili. Shida ilianza siku chache kabla, pale kijana anayemtengenezea tovuti alipobadilisha AI inayomsaidia kuandika programu. Ile ya zamani ilikuwa na faili la sheria, na mojawapo ilisema hivi: usitume ombi la pili la malipo kabla ya kuuliza hali ya la kwanza. AI mpya haikuwahi kuiona hiyo sheria. Ilipoambiwa iharakishe malipo, ikaandika kwamba jibu likichelewa, ombi litumwe tena. Mtandao ukawa pole pole, mteja akaona ombi jipya kwa skrini, akadhani la kwanza limefeli. Wewe pia ungeweka PIN, si ndiyo?

Kinachochanganya ni kwamba faili lilikuwa bado lipo. Kila msaidizi husoma faili lenye jina lake. Cursor ilianza na .cursorrules, siku hizi inatumia folda ya .cursor/rules. GitHub Copilot inasoma .github/copilot-instructions.md. Claude Code inatafuta CLAUDE.md, na Codex inasoma AGENTS.md. Ukihama bila kuhamisha maandishi, hakuna onyo jekundu litakalotokea. Kazi inaendelea tu kama kawaida, na hapo ndipo unapoumia.

Njia rahisi ni kuweka sheria zote kwa AGENTS.md, kwa sababu wasaidizi wengi wanaisoma. Kwa Claude Code, fungua CLAUDE.md na uandike mstari mmoja tu, @AGENTS.md, itavuta zilizomo. Ukitoka Cursor, angalia sehemu ya juu ya yale mafaili ya .mdc. Huko ndiko kumeandikwa sheria inahusu mafaili gani, na msaidizi mwingine hatauelewa mpangilio huo. Andika kwa maneno ya kawaida: "hii ni ya mafaili ya malipo pekee." Halafu kuna sheria ulizoweka kwenye mipangilio ya apu yenyewe. Hizo haziko ndani ya mradi kabisa, na wengi huzisahau (hata huyo kijana alizisahau). Zinakiliwa kwa mkono.

Kwa biashara inayopokea pesa kwa simu, mimi ningeanza na hizi: namba ianze na 254, iwe imetoka kwa 07 au 01. Kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti. Funguo za siri zisiandikwe ndani ya programu. Oda isiwekwe kuwa imelipwa hadi jibu lenye kodi 0 lifike na kiasi kilingane. Na jibu moja likifika mara mbili, namba ya risiti ikaguliwe ili mzigo usitoke mara mbili.

Kabla hujaiamini AI mpya, iulize bila kuidokezea: "Ombi la kwanza likikosa jibu, utafanya nini?" Ikisema itatuma tena moja kwa moja, jua haijasoma faili lako. Kisha jaribu na shilingi 1. Lipa mara moja, halafu mara nyingine ukatae ombi kwa simu, uone kama tovuti inaelewa kodi 1032, yaani mteja ameghairi. Kama si wewe unayeandika programu, mwambie fundi wako afanye hivyo ukiwa umeketi hapo kando.

Na kama wewe ni mnunuzi tu: ombi la pili likitokea, lighairi kwanza. Angalia meseji au salio. PIN inawekwa kwa lile ombi la simu pekee, kamwe si kwa ukurasa wa tovuti.

Binamu alirudisha ile 1,850 usiku huohuo. Mteja bado hununua kwake, ila sasa anataka kulipa viatu vikishafika.