Kibanja Hakiingii Kwenye Fomu

Kijana mwenye kishikwambi huuliza: eneo la kahawa, ekari ngapi? Mzee wa Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, hukaa kimya kidogo, kisha hujibu: "Mwanangu, kahawa iko kibanjani." Kijana hurudia swali, mzee hurudia jibu, na hakuna aliyekosea. Kibanja cha Mhaya ni migomba, chini ya migomba kuna mibuni, kati yake maharage na magimbi, pembeni miti ya kivuli na pengine makaburi ya wazee. Ekari ya kahawa peke yake haipo. Lakini kisanduku hakikubali kuachwa kitupu, basi kijana huandika moja, na takwimu huanza safari ya Dodoma.

Vyuo vikuu vina somo zima linalohusu balaa hili: mbinu za kuunda mifumo ya taarifa. Mtoto wa Kagera hulikuta Kijitonyama kwenye ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Dodoma, au akijisomea kupitia Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Bukoba. Wengi hulikumbuka kama somo la kukariri majina. Mbinu ya maporomoko ndiyo hutangulia: kusanya mahitaji, sanifu, andika programu, jaribu, kabidhi, na maji hayapandi mlima. Baba yake anatajwa kuwa Mmarekani Winston Royce, kwa makala yake ya mwaka 1970. Huo ni uonevu, maana ndani ya makala hiyo hiyo Royce alionya kwamba kwenda hatua kwa hatua bila kurudi nyuma ni kujitafutia anguko. Halafu inakuja SSADM ya serikali ya Uingereza, iliyokuwa lazima kwa miradi yake mipya kuanzia 1983, mbinu ya makaratasi juu ya makaratasi. Mwisho ni ajaili (agile), iliyopewa jina Februari 2001, wataalamu 17 walipokutana Snowbird, Utah, na kutoa ilani fupi: tengeneza kidogo, mpe mtumiaji, msikilize, rekebisha. Siku hizi kila kijana anaandika kwenye wasifu wake kwamba ni mtu wa ajaili, hata yule ambaye alimwona mtumiaji siku ya kukabidhi kazi tu.

Katika orodha hiyo kuna Mwingereza ambaye mitihani humgusa kwa swali moja tu, naye ndiye ningempeleka Muleba kwanza. Peter Checkland alifanya kazi viwandani kabla ya kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Lancaster, na kitabu chake cha mwaka 1981 kinajengwa juu ya jambo moja: wahandisi hudhani tatizo linajulikana, kumbe watu hawajakubaliana hata mfumo ni wa kazi gani. Ushauri wake ni kuchora mchoro wa vurugu yote kama ilivyo, ugomvi ukiwemo, kisha kumuuliza kila mhusika: kwa macho yako, kitu hiki kipo kwa ajili ya nini?

Uliza hivyo kwenye ghala la chama cha msingi msimu wa kahawa ukiwa umechanganya, magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa hadi mlangoni na karani yuko kwenye mizani. Kwa mkulima, mfumo ni wa kumlipa haraka bila makato asiyoyaelewa. Kwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, ambacho mizizi yake ni Bukoba Native Cooperative Union ya mwaka 1950, mfumo ni wa kujua kilo zilizopo Bukoba, Muleba na Missenyi, na nani anadaiwa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika inataka hesabu zionekane kwenye MUVU, mfumo wake wa kusimamia vyama. Serikali ya mkoa inawaza magendo ya kuvuka Mutukula kwenda Uganda. Mnunuzi anataka kujua kahawa imetoka shamba lipi. Hao wote wanatumia neno "mfumo", na kila mmoja ana wa kwake kichwani.

Bado hujamhesabu mtu asiye kwenye mchoro: mnunuzi wa butura. Huyu humpa mkulima fedha kidogo kahawa ikiwa bado maua, mara nyingi ada ya shule ndiyo imebana, na mavuno yakifika kahawa ni yake. Butura imepigwa marufuku, lakini shida haisomi marufuku. Kahawa hiyo ikifikishwa ghalani kwa jina la mkulima, mizani husema kweli, stakabadhi husema kweli, kompyuta nayo husema kweli, na fedha hulala mfukoni mwa mtu ambaye hayumo kwenye kumbukumbu. Programu ya namna hiyo inaweza kupita majaribio yote ya kiufundi na isigundue kitu.

Kuna pia suala la majina. Mzee anaweza kuwa kwenye daftari la chama kwa jina la Kihaya, kwenye kitambulisho cha taifa kwa jina la ubatizo na la baba, na laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliyeko Mwanza. Mwandishi wa programu aliyekaa Dar es Salaam ataita huo uchafu wa data. Mke anayechuma na kuanika kahawa yuko mbali zaidi: kwenye daftari jina ni la mume.

Tunao mfano wa mfumo uliolelewa kwa namna nyingine, na takwimu zake hutoka kila zahanati ya mkoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mnorwe Kristen Nygaard, mmoja wa waundaji wa lugha ya kompyuta ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma wa nchi yake ili wenye kutumia mashine wawe na sauti zinapobuniwa. Mawazo hayo yalifika Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ambako Jørn Braa wa Oslo na wenzake walianza kuunda programu ya takwimu za afya pamoja na wauguzi wa Cape Town. Kizazi chake cha sasa ni DHIS2. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Oslo kuileta Tanzania, na mwaka 2013 ikawa imesambazwa nchi nzima.

DHIS2 iliikuta MTUHA, mfumo wa vitabu ulioanza 1993, na haikuufukuza. Muuguzi wa zahanati bado anaandika wagonjwa wa nje kwenye kitabu namba 5, wajawazito namba 6, watoto namba 7, anapiga tali, kisha ripoti ya mwezi inatakiwa wilayani kabla ya tarehe 7. Visiwani, Bumbire au Goziba, tarehe 7 hutegemea pia ziwa limeamkaje. Malalamiko ya wauguzi kwamba wanaandika kitu kimoja mara tatu ni ya kweli. Hata hivyo mfumo ulioanzia kwenye kitabu alichokizoea mtu umedumu, na wilaya inaweza kuona malaria ikipanda kata fulani. Lakini Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, kwenye kata za Maruku na Kanyangereko, ugonjwa ulioua watu 6, habari za vifo vya ajabu hazikuwa na safu yake kwenye kitabu namba 5. Taarifa za namna hiyo huanza kwa majirani wanaosimuliana msibani, na msiba hauna fomu.

Kikwazo kikubwa cha kurudia njia ya DHIS2, ya kuunda mfumo pamoja na watumiaji, kwa maoni yangu, ni zabuni. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeleta viwango, na ilihitajika. Lakini mkataba wenye bei moja, orodha ya mahitaji iliyofungwa na tarehe ya kukabidhi ni maporomoko hata ukiupamba kwa maneno ya ajaili. Hakuna mstari wa bajeti wa kurudi Nshamba, Muleba, mara ya tatu kumuuliza karani kwa nini bado anatumia daftari.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa kinajenga kampasi Itahwa, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET. Mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wetu huangukia Julai hadi Septemba, wakati ule ule maganda yanapopimwa. Kwa sasa mwanafunzi wa mifumo akipata nafasi, ni kwenye ofisi ya TEHAMA ya halmashauri, akibadilisha wino wa printa. Akikaa mwezi mmoja tu kwenye ghala la chama cha msingi, bila kompyuta, akimsaidia karani kuandika stakabadhi na kusikiliza wanaonung'unika foleni, atarudi darasani na maswali ambayo mhadhiri hataweza kuyajibu kwa slaidi za mwaka jana.