Kiolesura Kisicho na Methodi

Zahanati ya Ikungi au Mkalama, mkoani Singida, inapofunga hesabu za mwezi, takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, huishia kwenye DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara yetu ya Afya. Umeandikwa kwa Java, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ndani yake kuna kiolesura kiitwacho MetadataObject, ambacho hakitangazi methodi yake hata moja.

Kina faida gani basi? Jina la zahanati na kipengele cha kuhesabu wagonjwa wa malaria ni sehemu ya muundo, hubadilika kwa nadra. Idadi ya wagonjwa wa mwezi huu ni takwimu. Klasi za OrganisationUnit na DataElement zimebeba alama ya MetadataObject. DataValue, inayotunza idadi yenyewe, haina. Mfumo huuliza tu: klasi hii ina alama? Ni kama hereni ya ng'ombe, haimwongezei maziwa, ila mkaguzi mnadani anajua kuwa amesajiliwa.

Nguvu kubwa ya alama, hata hivyo, huonekana kompaila inapoitazama. Methodi ikidai kigezo cha aina hiyo, anayepitisha kitu kisicho na alama hukamatwa kabla programu haijaanza. Serializable ya Java, nayo kiolesura kitupu cha kuweka alama, ilikosa bahati hiyo. Methodi ya writeObject hupokea Object yoyote, hivyo kosa huibuka kwa NotSerializableException programu ikiwa tayari kazini, pengine mikononi mwa mteja. Huo, kwa maoni yangu, ni upungufu mkubwa wa usanifu.

Java 5 ilipoleta anotesheni mwaka 2004, wengi waliona violesura vya namna hii vimepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Anotesheni hubeba maelezo na huweza kukaa juu ya methodi moja tu, lakini haiipi klasi aina mpya. Huwezi kuidai kwenye kigezo. Kiolesura nacho kina gharama yake: klasi mama ikishakivaa, watoto wote wanakirithi, na hakuna mtoto anayeweza kukivua.

Kabla hujaandika kiolesura kitupu, jiulize kama sifa hiyo itabaki kweli kwa kila klasi ya chini, na kama ipo methodi itakayoidai. Jibu likiwa hapana, tumia anotesheni.