Macho ya Wanaanga Katika Safari Ndefu

Mwaka 2009, Michael Barratt, daktari na mwanaanga wa Marekani, akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, alibaini kuwa maandishi ya karibu yanamwia vigumu kuyasoma. Mwenzake Robert Thirsk wa Kanada, naye daktari, alikuwa na shida hiyohiyo. Wakachunguzana macho hukohuko angani.

Mwaka 2011, wataalamu walichapisha taarifa za wanaanga saba waliokaa angani miezi sita. Watano walikuwa na uvimbe pale neva ya macho inapoingia jichoni, na watano jicho lao lilikuwa limebonyea kwa nyuma.

Duniani, mvutano huteremsha majimaji ya mwili kuelekea miguuni. Angani, majimaji hayo huhamia kichwani, na hilo hudhaniwa kuwa chanzo kikuu cha tatizo. Jicho likibonyea nyuma, retina husogea mbele, na vitu vya karibu huonekana kwa ukungu. Miwani husaidia, lakini haiondoi uvimbe wala kunyoosha jicho. Kwa baadhi yao, mabadiliko hayo yamedumu miaka mingi baada ya kurejea, na safari ya Mirihi huenda ikachukua karibu miaka mitatu.

Kwa mgonjwa wa hapa duniani, uvimbe wa neva hiyo unaweza kuashiria shinikizo kubwa ndani ya fuvu. Anayelalamikia kichwa kuuma na uoni hafifu asipewe miwani tu. Sehemu ya nyuma ya jicho ichunguzwe kwanza, tena bila kuchelewa.