Nani Atakushikia Tiyo?

Kijana aliyekuwa juu ya dragi aliigeuza kadi yangu ya uzamiaji mara mbili, akaitazama picha, akanitazama mimi, akanirudishia. "Breve ni nzuri, yaya," akasema, kama kwa ndugu mkubwa. "Sasa nani atakushikia tiyo?"

Nilikuwa konje, yaani likizoni. Nilikuwa nimerudi kwetu Punia, mashariki mwa Kongo, baada ya miaka ya kuishi Zanzibar, na kadi yenyewe nilikuwa nimeipata Nungwi wiki chache kabla ya safari. Inasema naruhusiwa kuzama hadi mita 18, mradi niwe na mwenzangu. PADI, chama kilichoitoa, kilianzishwa Marekani mwaka 1966, lakini sheria ya kuzama wawili wawili ni ya zamani kuliko chama. Mnakaguana vifaa kabla ya kuingia majini, mnabaki mnaonana, na hewa ya mmoja ikikatika anamkimbilia mwenzake, kwani kila mmoja amebeba mdomo wa pili wa akiba. Ukija peke yako si neno. Msimamizi anawapanga botini, wewe na huyu, yule na yule, huku mkielekea kisiwa cha Mnemba. Mnatajiana majina na kuulizana mmezama mara ngapi. Nusu saa baadaye roho yako iko mikononi mwake.

Mwenzangu wa kwanza alikuwa mgeni mwenye kamera. Alimwona kasa, akamfuata, mimi nikabaki nazunguka na mapovu yangu. Tulipokutana tena juu aliniomba radhi kwa moyo mkunjufu, akanionyesha picha za yule kasa. Zilikuwa nzuri kweli. Jina lake nimelisahau, na langu sidhani kama aliwahi kulishika.

Kando ya mto Ulindi, kwetu, mambo hayaendi hivyo. Mto huu unatoka milima ya Kivu ya Kusini, unapita Shabunda, unaingia Maniema hadi kumwaga maji yake Lualaba. Mvua ikinyesha hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mita moja chini huoni kiganja chako. Dragi ni chelezo cha mbao na mapipa, juu yake motere, pampu na kompresa. Mpiga mbizi huingia na uzito kiunoni, tiyo nyembamba, yaani mpira wa hewa, mdomoni, mikono ikiongoza tiyo nene inayonyonya changarawe. Changarawe hupanda, hupita kwenye mteremko uliotandikwa zulia, na dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye nyuzi. Kule chini kazi yote ni ya kupapasa. Dhahabu hupenda kukaa chini ya mawe makubwa na ndani ya mashimo ya mwamba, na hapo hapo ndipo kifo kilipo: ukinyonya mchanga ulioshikilia jiwe, jiwe linakufuata.

Juu anabaki mtu mmoja aliyeshika tiyo ya hewa. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mvivu. Kazi yake ni kuangalia isikunjike, mafuta yasiishe, na upepo usigeuke ukapeleka moshi wa motere pale kompresa inapovutia hewa, maana mtu akivuta moshi ule chini ya maji husinzia bila kujua kwamba anasinzia. Na anasikiliza kwa vidole. Kila jozi ina mapatano yake ya mivuto: hivi ni salama, hivi niongezee tiyo, hivi nitoe.

Kwa hiyo swali la yule kijana halikuwa la ufundi. Alitaka kujua mimi ni wa nani. Watu wa mtoni wametoka kila upande, Walega, Wakumu, Wasongola, vijana wa Bukavu, na wengi ni wana wa wale waliochimba kasiteriti, madini ya bati. Rais Mobutu aliruhusu uchimbaji wa mikono mwaka 1982, bei ya bati ikaporomoka mwaka 1985, na SOMINKI, kampuni ya madini iliyokuwa imeundwa mwaka 1976, haikupata tena nguvu zake. Mahali ambapo mgeni hufika kila siku, hakuna anayepangiwa mshika tiyo kama alivyopangiwa kiti. Lazima atoke mahali. Atatoka kwa mjomba, kwani kwa Walega mtoto ni wa ukoo wa baba lakini kwa wajomba anabaki na haki zake. Au atatoka katika rika la waliotahiriwa pamoja. Mpiga mbizi mmoja aliniambia amemchagua shemeji yake, na sababu aliyonipa sijaisikia katika kozi yoyote: "Mimi nikifa, ni yeye atakwenda kumwambia dada yake."

Ikikosekana damu, wazee wetu walikuwa na njia ya kuitengeneza. Undugu wa kuchanjiana ulifunga wafanyabiashara na machifu kutoka pwani hadi huku. Mvumbuzi Stanley mwenyewe alichanjiana na mtemi Mirambo mwaka 1876, miezi michache kabla ya kufika Maniema na kuonana na mfanyabiashara Tippu Tip. Siku hizi mtoni sikuona wembe. Niliona mgao: mshika tiyo hapewi kibarua cha siku, anakula katika fungu la aliye chini.

Hapo nilikumbuka habari za wazamiaji wa Ghuba. Kwenye majahazi ya lulu ya Bahrain na Kuwait kila mpiga mbizi alikuwa na mvutaji wake, aliyeitwa saibu, aliyesimama ubavuni mwa chombo na kamba mkononi. Mzamiaji alibana pua kwa koleo la pembe, akashushwa na jiwe, akakusanya chaza kwa pumzi moja, akaitikisa kamba. Saibu akimchelewesha, basi. Walilipwa kwa mafungu, la mzamiaji likiwa kubwa zaidi. Wengi kati ya watu hao walikuwa Waafrika wa mashariki, watumwa na wana wa watumwa, mpaka lulu za kuzalishwa za Wajapani na mdororo wa 1929 vilipoiua biashara. Hao mwenzi hawakumchagua. Bwana ndiye aliyewaweka kwenye kamba moja.

Sitaki kuupamba mto. Shemeji hodari kuliko wote hawezi kuzuia kile ambacho kadi yangu ilinifundisha siku ya pili: ukikaa chini muda mrefu kisha ukapanda haraka, hewa iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu. Vijana wale hukaa chini kwa saa nyingi, wakitoka magoti na mabega yanawauma, wanasema ni baridi ya maji. Niliwaeleza wapande polepole, wasimame njiani. Walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu aliyetoka mbali. Mmoja tu aliuliza asimame wapi na kwa muda gani, nami nikamchorea mchangani.

Siku ya nne yule kijana wa kwanza aliniita. Alikuwa amekwisha kuulizia, akajua kwamba nyanya yangu mzaa mama na babu yake ni watu wa kijiji kimoja. "Kuzama bado, yaya," akasema, akanikabidhi tiyo. "Keti hapa."

Akafunga uzito kiunoni, akauma mdomo wa tiyo, akaingia. Motere ilikuwa ikipiga kelele kiasi kwamba sikusikia lingine lolote. Nilijua yuko hai kwa mtetemo mdogo wa mpira katika kiganja cha kulia tu. Mke wake alikuwa ukingoni akimenya mihogo, na kila alipoinua macho aliutazama mkono wangu.

Ulikuja mvuto mmoja. Nikamwongezea tiyo.