Nyayo zisizo na jina: namna telefone inavyotufuata

Siku hizi mapadri, waalimu na waseminari karibu wote hutembea na telefone. Ndani yake mna vitabu vya sala, kamusi, michezo, hata tochi. Vitu hivi twapewa bure. Lakini kitu cha bure hakikosi mtu wa kukilipia. Basi ni nani anayelipa, naye ananunua nini? Tunataka kueleza jambo hilo kwa ufupi, kisha tuone njia ya kujilinda.

1. Kifuatiliaji ni nini?

Mtu anayetunga programu ya telefone haandiki sehemu zote mwenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha kutungwa na kampuni nyingine, kama vile seremala anunuavyo bawaba na kufuli dukani, wala hazifui yeye. Vipande vingine vyasaidia kweli: huonyesha ramani, au hueleza sababu ya programu kukwama. Lakini vingine kazi yao ni kumwangalia mwenye telefone: amefungua programu saa ngapi, telefone yake ni ya namna gani, yuko mahali gani. Habari hizo hupelekwa kwa kampuni iliyotunga kipande, nayo huzitumia kwa matangazo ya biashara, ama huziuza. Vipande hivi ndivyo tunaviita vifuatiliaji.

Mwaka 2018 shirika la Privacy International lilipima programu 34 za Android. Zaidi ya nusu zilipeleka habari kwa Facebook mara tu zilipofunguliwa, hata kama mwenye telefone hakuwa na akaunti ya Facebook. Tena, habari hizo husafiri kwa mega tulizonunua sisi.

2. Wanajuaje kwamba ni mtu yule yule?

Ndani ya telefone mna namba ya matangazo. Programu ya mchezo huiona, programu ya hali ya hewa huiona pia. Kwa njia ya namba hiyo kampuni huunganisha habari za programu mbalimbali, kana kwamba zinashona kurasa za kitabu kimoja. Kwa telefone za Apple, tangu Aprili 2021, programu haina ruhusa ya kutumia namba hiyo pasipo kumwuliza mwenye telefone. Kwa Android, yatupasa kuifuta wenyewe.

3. Wengine watasema: «Namba haina jina, hasara iko wapi?»

Twajibu: jina laonekana kwa njia ya mahali. Tuseme telefone moja yalala kila usiku katika nyumba ya mapadri ya parokia fulani, na kila Jumanne asubuhi iko katika seminari. Je, ni watu wangapi walalao pale na kufundisha hapa? Pengine mmoja tu. Namba imekwisha kupata jina lake, na safari zake zote zajulikana.

Jambo hili si mfano wa kubuni. Mwezi wa Julai 2021, nchini Marekani, padri mmoja aliyekuwa katibu mkuu wa baraza la maaskofu alijiuzulu. Gazeti moja la Kikatoliki lilikuwa limepata habari za mahali kutoka soko la programu za telefone, likalinganisha namba moja na nyumba yake na mahali pake pa kazi. Mwaka 2023 gazeti la Washington Post lilieleza kwamba kikundi kimoja cha Wakatoliki kule Denver kilitumia dola milioni kadhaa kununua habari za namna hiyo juu ya mapadri. Hapa hatuhukumu mwenendo wa mtu yeyote. Twaonyesha tu kwamba nyayo hizo zauzwa, na mwenye fedha aweza kuzinunua.

Tena siri si yetu peke yetu. Mtu ajaye usiku kuomba shauri, mgonjwa aendaye hospitali asiyotaka itajwe, shahidi anayeogopa: hao nao wana telefone mfukoni.

4. Kivinjari kinafanya nini?

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Mwaka 1994 Lou Montulli, wa kampuni ya Netscape, alibuni alama ndogo iitwayo kuki, ili duka la intaneti likumbuke vitu ambavyo mnunuzi ameviweka kikapuni. Baadaye kampuni za matangazo zilitumia alama ile ile kumfuata mtu toka ukurasa mmoja hata mwingine.

Vivinjari havifanani. Safari yazuia kuki zote za kampuni za nje tangu 2020. Firefox yazuia vifuatiliaji vinavyojulikana tangu 2019. Brave nayo yavizuia pasipo kuambiwa. Chrome, iliyomo katika telefone nyingi za Android, ni mali ya Google, kampuni ipatayo fedha zake nyingi kwa matangazo. Mwaka 2020 Google iliahidi kuondoa kuki za nje. Mwaka 2024 iliacha shauri hilo.

Tusidanganyike na dirisha la siri la kivinjari. Hilo laficha nyayo zetu kwa mtu atakayeshika telefone baada yetu, wala si kwa kurasa tunazozifungua. Kwa sababu ya jambo hilo Google ilishtakiwa mwaka 2020, na mwaka 2024 ilikubali kuharibu habari nyingi ilizokusanya.

5. Basi tufanye nini?

Neno moja lisisahauliwe: kivinjari chema hulinda kurasa zinazofunguliwa ndani yake tu. Hakizuii kifuatiliaji kilichomo ndani ya programu nyingine. Kwa hiyo:

a) Tufute programu tusizozitumia. Shirika la Exodus Privacy, la Ufaransa, laonyesha bure vifuatiliaji vilivyomo katika programu nyingi za Android.

b) Gazeti, hali ya hewa au duka, tuvifungue katika Firefox au Brave, badala ya kuweka programu yake.

c) Tuingie katika mipango ya telefone, tufute namba ya matangazo.

d) Tuondoe ruhusa ya mahali kwa kila programu isiyoihitaji. Tochi haina haja ya kujua tuliko.

Hata hivyo, kampuni ya telefone bado yajua tuko karibu na mnara gani. Hilo kivinjari hakiwezi kulizuia. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023, nayo yalinda habari za mtu. Lakini sheria haitafuta programu katika telefone zetu. Kazi hiyo ni yetu, na nusu saa yatosha kuimaliza.